Ukurasa wa Sita, Mstari wa Pili

Ndugu Mhariri, Bwana Shuma,
mswada umefika jana kwa basi la saa nane
umefungwa kwa kamba ya katani,
na wino wako mwekundu umepita humo
kama kuku aliyekanyaga nyanya.

Ukurasa wa sita niliandika:
Bibi akajifunika gubigubi.
Ukakata. Pembeni ukaweka:
"Gumu. Umri miaka minne. Andika: akajifunika."

Nikatii. Mimi ni mtu wa kutii,
nina ada za shule za watu wawili.
Leo asubuhi nikaenda chekechea ya Njoro,
Julai hii, ukungu umekuja kukaa madirishani,
watoto thelathini na mmoja wamejikunyata mkekani
(hilo nalo ulilikata, ukurasa wa tisa)
nikawasomea: Bibi akajifunika.
Wakanitazama kwa adabu.
Mmoja akapiga mwayo.
Mwingine akauliza kama uji umeiva.

Basi nikarudia mstari, nikaliokota ulilolitupa.
Gubigubi.
Hakuna aliyeuliza maana.
Elinami akavuta sweta mpaka juu ya nywele,
akabaki kifurushi chenye viatu,
na ndani ya kifurushi sauti:
"Hivi?"
Hivyo, nikasema. Hivyo hasa.
Na wote thelathini na mmoja wakapotea,
nikabaki peke yangu nafundisha sufu.

Bwana Shuma, huku kwetu Rau
mtoto anatofautisha mshare na kisukari
kabla hajajua kufunga kamba za kiatu.
Hakuna aliyemhurumia akamwambia,
zote ni ndizi tu, mwanangu, usijichoshe.
Anapewa na ganda lake.
Atamenya.

Nakiri: "adhimu" nililiweka kwa kujionyesha.
Hilo likate. Kata na "maridhawa",
lilisimama pale kama mgeni aliyevaa tai shambani.
Lakini "rasharasha" niachie.
"Mvua ndogo" ni mvua ya kwenye ripoti,
haijawahi kumlowanisha mtu.
Na "nyong'onyea" usiiguse, kwa sababu hii:

Aikande, miaka minne na nusu,
wiki iliyopita alibebwa hadi zahanati ya Pasua.
Nesi akauliza, unaumwa wapi? Kichwa? Tumbo?
Mtoto akatikisa kichwa, siyo, siyo.
"Siumwi mahali," akasema. "Nimenyong'onyea."
Nesi akaweka kalamu chini.

Mama yake alinisimulia sokoni Kiboriloni,
fungu la mchicha mkononi,
nusu anacheka, nusu amekasirika:
"Mwalimu, neno hilo mara ya mwisho nililisikia
kinywani mwa marehemu mama.
Limemfikiaje huyu?"
Kwa ukurasa wa kumi na moja, niliowasomea Mei,
kabla sijakutumia. Sikumwambia.
Nilimsaidia kubeba mchicha.

Ilikuwa malaria. Amepona.
Sisemi neno limemponya; dawa imemponya.
Nasema kwamba kabla ya dawa,
katika chumba kile chenye mizani na chati za ukutani,
yeye ndiye aliyejua kilichomo mwilini mwake
na mlango wa kukitolea.

Nami sijui kila kitu. Huenda wa mjini kwako
wanataka maneno laini, yaliyokwisha kutafunwa.
Huenda nitauza nakala arobaini.

Ila saa sita leo, watoto wakitoka,
mlima haukuwepo. Wingu tupu,
toka Kibo hadi msituni, toka msituni hadi paa la choo.
Dada yake Elinami amekuja kumchukua,
anautafuta kwa macho, kiganja kwenye paji.
Elinami akamvuta sketi.
"Usiutafute," akamwambia, kama mtu anayelinda usingizi wa mwingine,
"umejifunika gubigubi."

Ukurasa wa sita, Bwana Shuma,
mstari wa pili.
Nimeacha nafasi.