Vidonge Vilivyorudi

Kazi yangu ni kuhesabu vidonge vilivyorudi.
Chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, Tudor:
feni inayolalamika, sinia ya buluu,
kijiti cha plastiki. Tano, tano, tano,
kama mtu anayepanga tende za futari
asizoruhusiwa kuonja.

Kila chupa ina namba, haina jina.
Ndani yake huenda mna dawa,
huenda mna unga uliofinyangwa ukafanana na dawa.
Mgonjwa hajui. Mimi sijui.
Dakta Mghoi, aliyeisomea sukari miaka kumi na minne,
naye hajui;
ndivyo utafiti utakavyo, sote tufumbe macho
ili damu iseme peke yake.

Mzee Chengo wa Mishomoroni hurudisha vingi.
"Nilimeza vyote," huapa,
na vyote viko pale siniani, vinamkodolea.
Mwengine alileta chupa imejaa maji ya mvua.

Bi Shufaa wa Kibokoni hakosei.
Sabini twampa, sitini vyaliwa, kumi hurudi.
Miezi mitano: kumi, kumi, kumi,
safi kama meno ya mtoto.

Leo akanitazama nikivimimina katika mfuko mwekundu.
"Na hivyo mwavipeleka wapi?"
"Vinachomwa, Bi."
"Mwavitia moto?"
"Ndiyo kanuni."
Akajikunyata ndani ya buibui
kana kwamba feni imeanza kufanya kazi.

"Ndugu yangu Thureya alikuja nanyi siku ile ya kwanza.
Mkamtoa damu chupa tatu.
Mkamwambia figo zake hazikufikia masharti.
Mkampa nauli na pakiti ya biskuti.
Biskuti, mwanangu! Mtu wa sukari!"
Akacheka, kisha cheko likamkauka.
"N'kwambie kweli?
Asubuhi kimoja changu, jioni kimoja chake.
Tumenyonya titi moja mimi naye.
Nimeze viwili vipi, naye yuwaniangalia?"

Kijiti kiliniponyoka.

"Na sukari yake imeshuka," akasema.
"Ilikuwa kumi na tisa, sasa yasoma kumi na moja.
Labda ni dawa. Labda ni kule kutonyimwa.
Wewe ndiwe msomi, nambie."

Sikuwa na la kumwambia.
Niliziwaza figo za Thureya,
vijifuko viwili vilivyochoka kuchuja,
halafu usiku, jikoni, juu ya kiganja cha nduguye,
kinakuja kitu kisicho na jina.

Ameshaondoka. Fomu iko mbele yangu.
Vilivyotolewa: sabini. Vilivyorudi: kumi.
Upungufu: sifuri.
Kila tarakimu ni kweli, na ukurasa mzima ni uongo.
Chini yake kuna mstari wa maelezo,
haufiki urefu wa kidole.

Nikiandika, atatolewa, na chupa itatolewa naye,
na miezi mitano ya damu yake itafutwa kwa mstari mmoja.
Nisipoandika, leo jioni Kibokoni
mkono mmoja utanyooshwa na mwengine utapokea.

Dakta Mghoi yuko chumba cha tatu, namsikia akikohoa.
Kalamu nimeiacha siniani
kando ya vile kumi, bado sijavipeleka motoni.
Nimeshagonga mlango.
Sijui nianze na ndugu yupi.