Mauzo ya Vichwa

Mama hakuuza samaki.
Samaki waliondoka wamelala kwenye barafu,
minofu mitupu, bila miiba, bila jina,
kwenda kwa watu wasiojua Igogo iko upande gani.
Mama aliuza kilichobaki getini kiwandani:
vichwa.

Saa kumi alfajiri anasokota ngata ya kanga kuukuu,
anaitua utosini, juu ya ngata beseni,
ndani ya beseni vichwa ishirini vya sangara,
vinywa wazi, kama kwaya iliyokatizwa wimbo.
Kichwa kimoja kinabeba ishirini, alikuwa akisema,
halafu karani wa sensa anakuja kuuliza
nani kichwa cha nyumba hii.
Baba akakohoa. Karani akamwandika.

Darasa la tatu, Mwalimu Bwire alinisimamisha mbele:
Huyu Milembe ni kichwa!
Darasa likapiga makofi.
Mimi nikalia njia nzima, kando ya reli,
nikinusa mikono, nikinusa kola ya shati.
Nilidhani harufu ya beseni imenifuata mpaka shule.

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini.
Mwanangu, hiyo ni sifa.
Ukiitwa kichwa maji, hapo njoo ulie, tutalia wote.
Usiku ule alinipa shavu la sangara,
ile nyama laini chini ya jicho
ambayo siku zote ilikuwa ya Baba.
Baba alitazama sahani yake, asiseme neno.

Kaka yangu Shija alikuwa mtu wa kichwa kichwa.
Aliamka siku moja akasema anakwenda visiwani,
hakuaga, hakubeba hata sweta.
Watu wakamwambia Mama: ulimdekeza, akakupanda kichwani.
Akajibu: kichwani kwangu hapana nafasi, njooni mpime.
Lakini kila treni ikiingia Mwanza Kusini
alisimama mlangoni, anatazama kile kichwa cha treni
kikivuta mabehewa yake, taratibu, kwa kelele,
kana kwamba Shija angeweza kurudi kwa reli
kutoka mahali palipozungukwa na maji.

Kisha vichwa vikapanda bei.
Lubigisa wa getini akaleta mizani:
kuanzia leo tunauza kwa kilo, si kwa kichwa.
Akapima beseni. Kilo thelathini, mama, lipa.
Mama hakujua kusoma mshale wala namba.
Alifumba macho, midomo ikacheza kidogo.
Vichwa ishirini, akasema,
kila kimoja kilo na robo, nimevibeba miaka tisa, navijua.
Ishirini na tano.
Hizo tano zilizozidi, Lubigisa,
umepima na kichwa chako?

Foleni nzima ya wanawake ilikaa chini kwa kicheko.
Mimi niliyeitwa kichwa
bado nilikuwa nahesabu kwa vidole.

Bugando, wodini, mwaka ule wa mvua nyingi,
daktari kijana alimwinamia, kalamu mkononi:
Bibi, kichwa kimekuuma tangu lini?
Mama akamtazama kwa huruma.
Kipi, baba? Nimebeba vingi.

Tulinyoa vichwa vyetu, mimi na Baba.
Shija alifika siku ya tatu, na nywele zake,
akakaa mbali, chini ya jiwe,
mpaka Baba akaondoka na wembe akamfuata.

Mwalimu Bwire alitufundisha insha:
andika kichwa kwanza, kipigie mstari, ndipo uendelee.
Mwalimu, nisamehe.
Haya yote nimeyaandika bila kichwa.
Nimekuja kukitafuta mwisho, getini,
wengine wakiwa wameshachukua minofu.
Ngata ninayo. Ni kanga ileile.
Nisaidie kujitwika.