Fundo la Korona

Kuloba kataja bei kabla ya kufungua boneti:
pampu ya maji, laki tatu na nusu,
kazi yake mbali.
Nikamwambia nitafikiri. Nikarudi Namakwekwe polepole,
mshale wa joto ukipanda hata sijapita soko.

Korona hii aliniachia baba, na spana zake:
namba kumi, kumi na mbili;
ya kumi na nne ilikopwa, haikurudi.
Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mmoja.
Nati zitanishinda nini?

Jumamosi nikajilaza chini yake, juu ya gunia la kahawa.
Wanale umejitanda ukungu, kuku wananichungulia.
Nati ya kwanza ikakubali.
Ya pili ikanichuna ngozi.
Ya tatu, kutu tupu, ikaniuliza: wewe nani?

Ndipo nikaliona, kwenye mpira wa maji:
tyubu ya baiskeli, imezungushwa, ikakazwa
kwa fundo lile lile alilofungia ndama.
Mzee! Kumbe ulikuwa ukijitengenezea!
Nikalia kidogo,
oili ikinidondokea shavuni.

Jumatatu gari likavutwa hadi kwa Kuloba.
"Weka pampu," nikasema, "ila fundo hilo usiliguse."
Akainama. Akacheka hadi akashikilia taa.
"Mwalimu, fundo hilo ni langu.
Nilimfungia mzee, mwaka ule wa mvua nyingi.
Elfu kumi na tano. Alisema anarudi."

Nikamhesabia noti kiganjani cheusi:
laki tatu na nusu,
kazi yake,
na elfu kumi na tano.

Spana sijaziuza.