Ishirini, Kumi na Tisa

Sweta niliinunua Kibuye, Jumapili,
shilingi themanini, kijani cha mrenda uliolala,
kiwiko cha kulia kimetoboka.
Muuzaji akaniuliza, sweta ya nini na joto hili la Kisumu?
Siivai, nikamwambia. Naifumua.
Akaniangalia kama mtu anunuaye kuku kwa ajili ya manyoya.

Usiku huo mkono wa kwanza uliisha wakati wa taarifa ya saa tatu,
kifua kikaisha umeme ulipopotea.
Uzi ulitoka na mawimbi yake,
kila shubiri ikikumbuka ilipokunjwa,
kama nywele zilizofumuliwa matuta.
Niliuosha, nikauning'iniza na kufuli kuunyoosha.
Asubuhi bado ulikuwa unakumbuka, ila kidogo.

Mwalimu wangu ni Minayo, wa kibanda cha mkaa hapa Manyatta.
Ana shoto.
Mimi ni wa kulia, kwa hiyo haketi kando yangu;
tunakaa uso kwa uso, ndoo imepinduliwa katikati,
namtazama kama ninavyojitazama kwenye kioo:
mkono wake unakwenda, wangu unaenda kuulaki.
"Ingiza. Zungusha. Vuta. Usinyonge."
Hilo la mwisho hulirudia,
maana vidole vyangu vimeushika uzi kama vimekamata mwizi,
na kulabu inakataa kuingia.
"Legeza. Nani anakunyang'anya?"

Miaka kumi na minne nahesabu misumari ya watu
katika duka la vifaa vya ujenzi.
Kilo, dazeni, risiti. Jioni vitabu vyangu vinalingana,
senti haitoroki.
Lakini hapa nilianza na vitanzi ishirini.
Mstari wa pili, kumi na tisa.
Wa tatu, kumi na tisa, nikafurahi.
Wa sita, kumi na vinne.
Mraba ukawa robo ya chapati.
Nilikagua kama ninavyokagua stoo: nani ameviiba?
Minayo akacheka mpaka mteja akaweka debe chini kungoja,
kisha akanionyesha, pembeni kabisa,
kitanzi cha mwisho, kimelala ubavu, hakina kelele.
"Huyu. Unampita kila siku bila kumsalimia."

Fuma. Fumua.
U moja tu imejipenyeza
na kazi ya wiki nzima iko magotini tena, nyuzi tupu.
Nilingoja uchungu. Haukuja.
Dukani kosa lina tarehe na jina langu,
linakatwa kwenye mshahara.
Hapa kosa linavutwa tu, linarudi kuwa uzi,
uzi unarudi kwenye bonge,
na bonge halinidai.

Kisha wakaja sami, usiku mmoja wa upepo wa ziwa,
wingu zima likaizunguka taa.
Nilipoamka niliwakuta wamenaswa ndani ya kazi yangu,
mabawa membamba kati ya mstari wa nane na wa tisa.
Niliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano.
Wawili walishindikana. Wamo humo hadi leo.

Jana ndugu yangu Ogweno alipita,
akakiinua kitambaa kwa vidole viwili.
Nyumbani kwetu Yala kila kochi lilikuwa na chake,
cheupe, kimetiwa wanga, maua kingoni,
na ole wako uegemee kabla mgeni hajafika.
Kwa hiyo kazi safi anaijua akiiona.
"Hiki ni cha nini?"
Nilitazama. Kona tatu nzuri, ya nne inasitasita.
Sikuwa na jibu, nikakichukua,
nikahesabu mstari wa juu mbele yake, kwa sauti,
kidole juu ya kila kitanzi, hata wale wa pembeni,
wale wa pembeni hasa:
ishirini na kimoja.

Kimoja kimezidi.
Sijui kimetoka wapi.