Sehemu C, Kipengele cha Nne

Fomu inataka herufi kubwa.
Naandika kwa mkono wa kushoto;
wa kulia niliuacha nusu
juu ya meza ya msumeno, kiwandani kwa Mdemu,
Jumanne moja ya manyunyu,
ubao wa msonobari ukiwa na fundo
ambalo macho hayakuliona.

MGOVANO GAUDENSI.
Herufi zimelala chali kama kuni zisizopangwa.
Editruda, darasa la pili, anachungulia begani:
“Baba, G yako imegeuka.”
Nafuta. Karatasi inaota manyoya.

Sehemu A nimevuka.
Sehemu B, cheti cha kidato cha nne: ninacho,
miaka kumi na sita chini ya godoro,
kinanuka ulanzi wa marehemu baba.
Kozi: uhasibu, chuo cha Iringa, jioni.
Sehemu C, kipengele cha nne:
Je, mwombaji anapokea malipo mengine yoyote?

Napokea.
Kila tarehe ishirini na tano simu inatetemeka mfukoni:
elfu themanini na mbili na mia tano,
malipo ya ugonjwa,
ya vidole vitatu na kifua kilichojaa unga wa mbao.
Nikikohoa usiku mke wangu husema
bado napasua magogo.
Sembe, sabuni, madaftari ya huyu anayenisahihisha.
Ikifika tarehe tano
hata simu imesahau.

Nilikwenda Mafinga mjini kuuliza.
Ukungu wa Julai ulikuwa umekaa mlangoni pa halmashauri
kama mwombaji aliyewahi foleni.
“Kamwene,” nikasema dirishani.
“Kamwene,” akajibu Bi. Nyaulingo,
sweta lake vifungo viwili, kimoja cha kijani.
Akasoma. Akarudia kusoma.
“Kaka, ukisema unaumwa, watu wa ufadhili watasema huwezi kusoma.
Ukisema unaweza kusoma, watu wa Mfuko watasema umepona.”
“Na nikisema yote mawili?”
Akacheka kwa pua.
“Karatasi haina nafasi ya yote mawili. Rudi Alhamisi,
nitamuuliza mkubwa.”

Basi mimi ni nani humu ndani?
Mzima saa ngapi, mgonjwa saa ngapi?
Gogo siwezi kulibeba: kweli.
Hesabu naweza kuibeba: kweli.
Kukaa kwenye benchi nikajumlisha mapato na matumizi
hakuhitaji kidole gumba.
Daktari aliandika “hawezi kazi”.
Hakuulizwa kazi ipi,
na mistari aliyopewa ilikuwa miwili.
Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama. Nimekiona.
Kumbe kimefungwa kwa kamba
ya mguu wangu mwenyewe.

Chaula wa duka la mbegu ananishauri:
“Andika HAPANA, nani atajua?”
Tarehe ishirini na tano itajua.
Na kuna jambo jingine, labda ni kiburi:
hela ile ni vidole vyangu.
Nikiandika HAPANA
nitakuwa nimevizika mara ya pili.

Usiku. Taa ya sola inaanza kusinzia.
NDIYO, naandika, N imepinda mgongo.
Pembeni, pasipo na mstari,
naongeza kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyeziomba:
naumwa mkono na kifua.
kichwa hakikuwepo mezani siku ile.

Editruda ananyanyua kalamu nyekundu.
Namzuia, nachelewa.
Vema kubwa juu ya NDIYO, mkia wake hadi Sehemu D,
na chini: nane juu ya kumi,
mwandiko mbaya.

Fomu nyingine ni shilingi elfu moja pale stesheneri.
Leo ni tarehe kumi na tisa.
Alhamisi nitaipeleka hivi hivi,
na Bi. Nyaulingo akiuliza nani amepitisha,
nitamtajia jina.