Aune Lahti Anamkabidhi Mpwa Wake Funguo, Duluth

Kabla hujahesabu kodi, Eino, shuka chini ya nyumba.
Gusa ukuta. Kiganja kikilowa,
bei waliyokutajia ni ya uongo.

Tanuri la joto hufa Januari,
usiku, ziwa likiwa barafu tupu.
Liwekee akiba tangu Juni,
na kila mwaka hesabu mwezi mmoja chumba kitupu.

Mkataba uandikwe, hata na rafiki.
Mimi sikuandikishana na Reuben.
Miezi saba tulikutana kanisani,
kila mmoja kainamia kitabu chake cha nyimbo.

Bisha hodi. Ufunguo unao, sawa,
lakini mle ndani mtu anakaanga vitunguu,
mtoto kachora farasi mlangoni.

Usimfute kwa rangi.
Wahame wao kwanza.
Wangu
nimemwacha mpaka leo.