Miguu ya Tuyaara

Nje ni Yakutsk, hasi arobaini na nane.
Ndani jiko linanguruma, na Tuyaara
anapiga msasa miguu ya bismuthi,
midogo kama punje za mtama.

Ile mirefu ilitunza tofauti ya joto na baridi,
ila umeme ukachoka njiani.
Ile mifupi iliupitisha upesi,
na joto nalo likapita bila hodi.

Basi akaitia kiuno.
Taa ikawaka! Tukacheka. Kisha, tik:
ufa, palepale penye wembamba.

"Moto hutanua, baridi hufinya," alisema.
"Katikati ndipo pa kuumia."

Leo ameinenepesha upande wa jiko,
ameiachanisha ipumue.
Mwanga ni hafifu.
Unatosha kusoma barua ya mamake,
mara mbili.